Hela Inayofuata Kitanda

Nimelala kwenye magodauni, kwenye vibanda vya walinzi, hata juu ya magunia ya saruji, na kila asubuhi nikainuka nikaenda zangu. Dada yangu, tunayemwita Chiriku kwa ajili ya mdomo wake, amelala kwenye makao ya walemavu tangu miguu ilipomfia, na hakuna asubuhi aliyoenda zake.

Basi redio iliposema serikali imetoa hela watu kama yeye wahamie kwa ndugu zao na walipiwe msaidizi, nilirudi mbio. Mpwa wetu, fundi cherehani, alikuwa ameshapanua mlango wa chumba cha uani. Jirani yake alikubali kumwogesha na kumgeuza Chiriku, ila naye ana watoto wa kulisha, lazima alipwe. Ilibaki hela tu.

Meneja wa makao alitupokea, mimi na mpwa, kwa tabasamu la kuuza bima, tukiwa tumesimama kando ya kitanda cha Chiriku.

"Hela imekuja kweli, mzee. Lakini inafuata kitanda. Kitanda kikiwa hapa, hela iko hapa. Dada akitoka, tunamlaza mwingine."

"Si walisema ya kuwatoa?"

"Ya kuwaandaa kutoka. Tumepaka rangi, tumenunua vitanda vya magurudumu. Hata hicho alicholalia ni kipya."

Ukuta ulinuka rangi mbichi. Dada yangu alinuka mkojo wa jana.

"Yaani mmelipamba gereza, halafu mnataka tupige makofi!"

"Mzee, punguza jazba."

"Jazba sijaanza!"

Chiriku akaguna. "Kaka, dunia nzima umezunguka, kusikiliza hujajifunza? Mwenzio kasema hela inafuata kitanda. Unamgombeza ya nini? Sukuma."

"Nisukume nini?"

"Kitanda, babu wewe!"

Nikakanyaga breki, ikaachia. Mpwa akashika upande wa miguuni. Tukashika korido, Chiriku kajifunika shuka hadi kidevuni kama bibi harusi, anawapungia wenzake mlango hadi mlango. Nyuma yetu viatu vya meneja vinalia ko ko ko.

"Hiyo ni mali ya serikali!"

"Na mimi je?" Chiriku akauliza. "Mimi ni mali ya duka gani?"

Getini magurudumu ya mbele yakazama kwenye reli ya geti. Tukavuta, tukasukuma, wapi! Nje, lori la mkate wa makao likaanza kupiga honi. Wapita njia wakasimama.

"Funga geti!" meneja akamfokea mlinzi.

"Litafungikaje, bosi? Kitanda kipo katikati."

"Basi kirudishe ndani!"

Mlinzi akamtazama dada yangu, kisha akaangalia pembeni. "Mgongo wangu mbovu."

Meneja akabadili sauti, ikawa ya asali. "Dada, turudi ofisini tuzungumze kama watu wazima."

"Miaka yote hiyo hukuniona mtu mzima, leo ndiyo nimekua?" Sasa Chiriku alikuwa hachezi tena. "Simu unayo. Wapigie wakubwa zako, hapahapa, watu wasikie. Waambie kitanda kimehama, hela ikifuate. Wakikubali, tutasogea. Wasipokubali, lori lako lilale nje."

Honi ikalia tena. Meneja akatazama lori, akatazama watu, akaingiza mkono mfukoni kutafuta simu.

"Kaka," dada yangu akasema bila kuniangalia, "kanyaga breki, ishike."