Jicho Lililobaki

Kila akitoka jimu, kaka yangu Shauki hurudi ameshika kisogo, kichwa kikimgonga kama nyundo. Mama hana shaka: ni jicho la husuda. Jana tena alikata mwanasesere wa karatasi, akamtoboa kwa sindano, na kila tundu akalitajia mtu.

"Jicho la Inshirahi wa ghorofa ya juu. Jicho la muuza maharage..."

"Mama, daktari si alimwambia aache kubana pumzi akinyanyua vyuma?"

"Nikipumua kifua kinanywea," Shauki akagumia kochini. "Na kule jimu mbele yangu kuna kioo, we vipi!"

Mama akaendelea kutoboa. Mtaa mzima ulipita kwenye ile karatasi, hata shangazi aliyekwisha kufa hakuachwa. Uvumilivu ukaniishia, nikamnyang'anya sindano.

"Amebaki mmoja," nikasema, nikatoboa katikati ya kifua. "Jicho la Shauki."

Nilingoja kofi. Mama alimtazama Shauki, akaitia karatasi moto, kisha akavua shela yake, akaenda kukifunika kioo cha sebuleni.

Kochini, Shauki akashusha pumzi.