Saa ya Dobi wa Chini

Siku yake ya mapumziko, dobi wa hospitali alikwenda kuchagua saa ya mkononi. Alifuatana na binti yake, aliyekuwa na miaka kumi na tisa na aliyejua kuchagua vitu kuliko mama yake, au ndivyo alivyojiona. Kibanda cha fundi saa kilibanwa kati ya duka la viatu na ukuta wa benki, na ndani kilikuwa na kiti kimoja tu cha mteja. Dobi alikaa, binti akasimama nyuma yake.

Fundi alilaza saa tatu juu ya kitambaa. Ya kwanza ilikuwa ya kutia ufunguo kila asubuhi. Ya pili ilikuwa ya betri, yenye rangi ya dhahabu. Ya tatu ilikuwa ya sola, uso wake mweusi, na pembeni ilikuwa na kidirisha kidogo cha tarehe.

"Mama, chukua hii ya dhahabu," binti alisema. "Itakupendeza."

"Ipendeze mikono ipi?" Dobi alimwonyesha vidole vyake, vilivyokunjamana kwa maji ya sabuni miaka nenda miaka rudi.

Katika miaka kumi alikuwa amevaa saa nne za betri, na mvuke wa kufulia uliziua zote. Alikuwa amechoka kuja kubadilisha betri. Alikuwa amechoka kwa ujumla, lakini la betri ndilo lililokuwa na dawa.

"Basi ni hii ya sola," fundi alisema. "Haiingii maji, haili betri. Jua likiipiga siku moja, inakwenda miezi. Hata taa ya chumbani inaitosha. Unafanya kazi wapi, mama?"

"Hospitali."

"Basi tumemaliza. Hospitali ina madirisha tele. Hii utazikwa nayo."

Hakuuliza ghorofa gani, na dobi hakuona sababu ya kumwambia.

Chumba cha kufulia kilikuwa chini ya ardhi, ngazi ishirini na sita kutoka ukumbi wa mapokezi. Wenyewe walipaita Chini. Kulikuwa na mashine sita, nzima zikiwa mbili, na bomba pana la bati ambalo mashuka ya wodini yaliteremkia yakiwa na damu, dawa, uji, na mara moja meno ya bandia. Dirisha hakukuwa na hata moja. Dobi alishuka jua halijachomoza na kupanda likiwa limeshazama, siku sita kwa wiki. Siku ya saba alianika godoro, akakaa kibarazani na binti yake mpaka jioni, bila kufanya jambo lolote la maana. Hiyo ndiyo siku aliyoipenda.

Ile saa ya sola ilisimama siku ya pili ya kushuka nayo. Siku ya mapumziko ilipofika, jua likaipiga, ikaendelea pale ilipokomea. Dobi alidhani ndivyo saa za jua zilivyo. Mwaka mmoja baadaye alijaza fomu ya mashuka safi kwa kunakili tarehe ya mkononi, na muuguzi wa zamu akamrudishia. Tarehe aliyoandika ilikuwa ya miezi kumi iliyopita.

Aliirudisha kwa fundi. Fundi aliifungua, akaifunga, akaiweka dirishani wiki nzima. Haikukosea hata sekunde.

"Saa yako nzima," alisema.

"Mbona iko nyuma?"

Fundi alibana lenzi yake jichoni, akaitazama saa, kisha akautazama mkono ulioivaa, ngozi na mishipa, kwa muda uleule. "Haiko nyuma," alisema. "Inahesabu siku ulizoziona. Aliye nyuma ni wewe." Alisema kama anayemwambia mtu kiatu chake kinataka soli. "Tarehe naweza kukuwekea sawa. Wewe mwenyewe siwezi kukurekebisha."

"Nikiivua je?"

"Vua tu. Saa sio mganga. Inasema tu kilichopo."

Aliivua miezi mitatu, akaifungia kwenye droo pamoja na soksi. Alipoitoa, ilikuwa imesogea siku kumi na tatu, sawa na mapumziko yake kumi na matatu. Akaivaa tena. Kama kuna mtu wa kumwambia ukweli, aliona afadhali awe karibu.

Alimhadithia mpiga pasi, mwenzake wa miaka yote, mwanamume wa miaka hamsini na mitatu. Mpiga pasi hakuacha kupiga pasi. Alisema yeye hiyo hamsini na mitatu yuko nayo kitambo. Alikumbuka pasi za mkaa, na kabla ya hapo alikumbuka jengo lile likiwa hospitali ya farasi, na mashuka yalikuwa machache lakini mazito. Dobi alijaribu kumkumbuka mtu yeyote aliyewahi kustaafu kutoka Chini. Hakupata. Huko juu watu walidhani kazi ile inaleta afya, na mkuu wa hospitali, akiwataja kwenye mikutano, hakukosa kusema kwamba ng'ombe hazeeki maini. Watu walicheka na kupiga makofi, na wa Chini, waliokuwa kazini, hawakusikia.

Binti alipata kazi ya ukarani hapo hapo hospitalini, mapokezi, chini ya madirisha makubwa. Miaka yake ilikwenda kama ya watu.

Cheti cha kuzaliwa cha dobi kilipotimiza miaka hamsini na mitano, alikipeleka kwa afisa utumishi. Afisa alimtuma kwa daktari. Daktari aliangalia meno, magoti na macho, akaandika miaka arobaini na mitatu, akaweka muhuri.

"Kanuni inasema mtumishi atastaafu akitimiza hamsini na mitano," afisa alisema. "Hujatimiza."

"Cheti kinasema nimetimiza."

"Basi kistaafu cheti."

Hakuwa anatania. Alikipokea kile cheti, akakitoboa matundu mawili na kukiweka kwenye jalada la wastaafu.

"Basi nipandisheni juu," dobi alisema. "Au mniwekee dirisha, mwanangu. Nimechoka."

"Juu hakuna kufua. Na dirisha la Chini litatazama nini? Udongo." Afisa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameanza kusogeza karatasi nyingine. "Vumilia, mama. Kazi mbaya si mchezo mwema."

Ombi lilishughulikiwa. Fundi umeme alishuka akafunga taa mpya, kali mpaka ikawafanya wote wapepese macho. Dobi aliiinulia saa yake. Mshale haukutikisika. Kuacha kazi kulikuwa hakumsaidii mtu, kwa sababu aliyeacha kabla ya kustaafu aliondoka mikono mitupu, na chumba walichokaa yeye na binti kilikuwa cha hospitali.

Siku ya mapumziko iliyofuata alimweleza binti jambo lililokuwa likimkaba. Hakulizungusha.

"Naogopa utanitangulia," alisema. "Mzazi ndiye anayezikwa na mwanawe. Mimi nataka nizeeke kabla yako, nikuachie kazi ya kunizika. Sitaki kubakia nakuzika wewe halafu kesho yake nashuka kufua."

"Basi nitakungoja," binti alisema.

Akamngoja kweli. Likizo yake ya mwezi alishuka nayo Chini, kila siku pamoja na mama yake, akakunja mashuka. Mwaka uliofuata akafanya vilevile. Alipanda mweupe machoni na kikohozi kifuani, na kwa likizo hizo mbili akawa amebakisha siku kama hamsini ambazo hazikumpata. Afisa utumishi aligundua, akasogeza mbele tarehe yake ya kustaafu kwa mwezi na nusu, kwa kuwa kanuni ni kanuni. Mwaka wa tatu binti alipofika mlangoni na kikoba chake cha chakula, dobi alisimama kwenye ngazi ya mwisho na kumzuia.

"Usinifuate huku," alisema.

"Mama, siku hamsini si haba."

"Ni zako. Nenda ukaziishi."

Binti alilia, na mama yake akalia, kisha mashuka ya wodi ya wazazi yakateremka na ikabidi mmoja wao akayapokee.

Mwaka wa ishirini na sita tangu inunuliwe saa, binti alimfikia mama. Kwa miezi kadhaa wote walikuwa na arobaini na minne. Walivaa miwani ya nguvu moja na kusahau kitu kilekile. Wakati ule walikuwa marafiki sana, na dobi alisema mara mbili tatu kwamba laiti wangekomea hapo. Hawakukomea. Binti akapita, kwanza kwa mvi, kisha kwa magoti. Wauguzi wapya walimwamkia binti kwa shikamoo, halafu wakamgeukia mama yake na kumuuliza, "Habari, dada?" Binti aliona aibu kuitikia marahaba mama yake akiwa pembeni. Dobi alimwambia aitikie tu, kwani heshima ikishatolewa hairudishwi mfukoni.

Fundi saa alikufa, na kibanda chake kikauza vocha. Saa haikuhitaji fundi. Ilikuwa haina mkwaruzo, na ilikuwa na umri wa miaka mitano na kidogo.

Siku binti alipostaafu, ilifanyika hafla fupi ya mchana pale mapokezi. Dobi aliruhusiwa kupanda nusu saa. Ukumbi ulikuwa na mwanga mwingi, akachukua muda kuona watu. Kulikuwa na meza yenye kitambaa cheupe alichokifua mwenyewe, keki, soda, na hotuba ya afisa utumishi wa tano, ambaye alisema mtumishi huyu amelitumikia jengo hili ujana wake wote. Binti alipoinuka kupokea zawadi, magoti yalikataa. Dobi alimshika kiwiko.

"Mshike bibi vizuri, dada," muuguzi mmoja alisema kwa upole.

"Nimemshika," dobi alisema.

Alimsindikiza hadi kwenye kiti cha dirishani, akamkalisha, akamfuta keki kidevuni kwa kidole gumba, kama alivyozoea tangu zamani. Binti aliushika ule mkono asiuachie.

"Na wewe lini, mama?"

"Daktari amenipima mwezi uliopita. Arobaini na sita. Nimebakiza tisa."

"Tisa ya huku juu, au ya Chini?"

"Ya Chini."

Binti alikuwa karani mzuri, hesabu haikumpa taabu. "Ni miaka sitini na tatu," alisema. "Nitakuwa na mia moja na kumi na minane."

"Ndiyo."

"Basi sitakuwepo."

"Najua, mwanangu."

Dobi alitamani aseme neno la kumfariji, na binti alitamani vilevile, na kila mmoja alijua mwenzake anatafuta nini, kwa hiyo wakaacha kutafuta. Nje magari yalikuwa yakiegeshwa. Afisa utumishi alitazama saa ya ukutani, akamwinamia dobi na kumkumbusha taratibu kwamba nusu saa imekwisha.

Mtu alikuwa amemwaga soda nyekundu juu ya meza. Dobi alihamisha sahani na chupa, akakiondoa kitambaa na kukikunja doa likiwa ndani.

"Hiki kikikauka hakitoki tena," alimwambia binti.

"Nenda, mama," binti alisema. "Nitafika nyumbani mwenyewe."

Dobi alishuka ngazi ishirini na sita. Mpiga pasi alimuuliza hafla ilikuwaje, akasema ilikuwa nzuri, walihutubia. Kisha akakiloweka kitambaa kwenye maji baridi, akamimina chumvi, na kuanza kulisugua doa.