Maiti Aliyebeba Sinia

Stanislas alikuwa mtu wa maana sana, na kama hukuamini angekuonyesha kadi. Wabelgiji walimpa kadi hiyo mwaka mmoja kabla ya uhuru, baada ya kumkagulia nyumba mpaka choo na kuridhika kwamba amestaarabika. Sasa ulikuwa mwaka wa sitini na moja, Wabelgiji wamekwenda zao, kadi haifungui hata mlango wa banda la kuku, lakini Stanislas bado aliitembeza Butembo nzima ndani ya mfuko wa shati, kama mtu anayebeba mwavuli wakati wa kiangazi.

Kilichobaki na faida kilikuwa kipaza sauti chake cha bati. Kila sinema ilipoonyeshwa, yeye ndiye aliyesimama kando ya kitambaa akawaeleza watu kwa Kiswahili yale ambayo wazungu walisema kwa Kifaransa. Jumapili hiyo, baada ya misa, komisa mpya wa serikali aitwaye Zorobabel alikuwa anakuja kumsikiliza. Akiridhika, Stanislas angekuwa msemaji wa sinema kutoka Beni hadi Kanyabayonga, na baiskeli ya serikali angepewa. Aliitaka kazi hiyo mpaka chakula kilimshinda.

Tatizo lilikuwa benchi la tatu. Hapo alikaa mzee Mbusa, baba yake, aliyeshuka kutoka Kipese na kuku wa zawadi kwapani, aje amwone mwanawe kazini. Mbusa alikuwa boy, mtumishi wa nyumbani kwa mkoloni mmoja, miaka kumi na minane. Lakini kwenye fomu ya kadi Stanislas aliandika kwamba baba ni mkulima, na uongo huo aliushikilia mpaka akakaribia kuuamini mwenyewe.

Madirisha ya hangari, ghala la kahawa walimoonyeshea sinema, yalizibwa kwa magunia, filamu ikaanza. Ilikuwa ya kutisha: nyumba kubwa ya mzungu katikati ya mashamba ya miwa, na ndani yake mtumishi mweusi aliyekufa, akafufuliwa kwa uchawi, akarudishwa kazini. Alitembea kimya, sinia mkononi, macho chini. Kila Madame, mke wa yule mzungu, alipomwona alipiga kelele.

"Mumuogope!" Stanislas alinguruma. "Ule ni maiti! Ni shetani!"

Alijitisha mwenyewe hata jasho likamtoka. Katika hangari nzima, ni yeye peke yake aliyekuwa upande wa Madame. Wengine walitazama tu, kama wanaomfananisha mtu na jirani yao.

"Juu ya nini hasemi?" aliuliza Kyakimwa, muuza maharage.

Stanislas alikuwa bado anatafuta jibu kwenye karatasi yake ya maelezo ya filamu. Mbusa alijibu kutoka benchi la tatu.

"Boy hasemaka mpaka Madame amuulize."

"Na anatembea sawa muzimu?"

"Viatu bilikatazwa mu salon. Madame hapendaka makelele."

"Na macho?"

"Ukimuangalia Madame mu macho, banakupiga. Lakini ule hakukufa, mama. Ule iko kazini tu."

Hangari ikaangua kicheko, kicheko cha watu wanaojua. Komisa naye alicheka, kisha akamwinamia Stanislas.

"Ule muzee anaeleza muzuri kukupita. Ni nani?"

"Simujue, Monsieur le Commissaire. Mutu wa Kipese, nazani."

Mbusa alisikia. Akashusha macho kwa kuku wake.

Ndipo Madame, ndani ya filamu, akapiga kengele.

"Oui, Madame!"

Sauti ilivuma kwenye bati mpaka magunia yakatikisika. Ilikuwa sauti ya Stanislas, mwenye kadi, ambaye utotoni aliosha sahani pekupeku jikoni kwa yule mkoloni kule Kipese, kando ya baba yake. Hata visigino vyake vilikuwa vimegongana. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini alipotazama aliona wanaume kumi na wawili wamesimama wima, mikono nyuma, na komisa ni mmoja wao. Wakaketi polepole, kila mmoja akijifanya alikuwa anajinyoosha mgongo. Kati ya wote waliowahi kuwa boy, aliyebaki ameketi muda wote ni Mbusa, aliyeitikia kengele ya namna hiyo miaka kumi na minane. Hakuwa ameisikia; mawazo yake yalikuwa bado kwenye lile "simujue" la mwanawe.

Mwishoni wazungu walimchoma moto yule mtumishi, Madame akakumbatiwa. Karatasi ya Stanislas ilimwagiza aseme hapo kwamba ubaya umekwisha. Aliisoma, akaona aibu, akaitia mfukoni pamoja na kadi.

"Ule banamuchoma," alisema, "alikuwa na mutoto."

Filamu haikuwa na mtoto yeyote. Komisa akaacha kuchezea tai yake.

"Alimusomesha kwa ile sinia. Mutoto akakuwa mukubwa, akavaa tai. Siku moja bakamuuliza mbele ya batu: ule muzee ni nani? Akasema hamujue."

Kuku alilia kidogo. Mzee hakuinua kichwa.

"Na ule mutoto," Mbusa aliuliza, "alirudia kwa baba yake?"

Stanislas alisahau kuondoa kipaza sauti mdomoni, ndiyo maana mpaka waliokuwa barabarani walimsikia.

"Iko anarudia, Papa."