Kitufe Kilichojihesabia Chenyewe

Kabla ya adhana ya alfajiri kifuniko cha birika kilikuwa kikigongagonga juu ya makaa. Aïcha alikisikia kutoka kitandani. Hasira ya jana ilikuwa bado haijamtoka.

Jana boti ya Papa Mbusa ilikuwa ikipakia kwenda Yangambi. Aïcha ndiye aliyeandika programu ya simu ya kuhesabu abiria, boti isije ikajaa kupita kiasi. Mama Kavugho, karani wa bandari, alibonyeza kitufe kila mtu alipopanda, lakini namba ilibaki sifuri. Watu waliendelea kuingia hadi maji yakalamba ukingo, wakashushwa kwa vilio. Constant, mwenzake Aïcha katika kuandika programu, akacheka mbele ya wote, akisema hiyo ndiyo kazi ya mutoto mwanamuke. Papa Mbusa akasema programu isipohesabu leo asubuhi, ataifuta. Mkoba wa Aïcha ulipoanguka matopeni, Mama Kavugho peke yake ndiye aliyemfutia.

Bibi yake, Fatouma, akamwekea chai na muhogo, akamsogezea taa.

Aïcha akafungua kompyuta. Katika Java, lugha ya kuandikia programu, alikuwa ameandika klasi kubwa, yaani fungu la maagizo, aliyoiita Boti, yenye namba iitwayo abiria. Kitufe alikipa klasi ndogo isiyo na jina, humo humo ndani ya Boti. Klasi kama hiyo huchota vitu vya ile iliyoizunguka bila kubisha hodi, kwa hiyo abiria++, yaani ongeza mmoja, ilitosha. Lakini sasa ndani ya ile ndogo mlikuwa na mstari mpya uliounda abiria nyingine, ya kwake. Kitufe kilikuwa kikijihesabia chenyewe, na Boti haikujua lolote. Constant tu ndiye aliyeigusa kazi hiyo, eti anaisafisha.

Akaufuta mstari ule. Kisha akaandika Boti.this.abiria++, akigonga herufi kama anayetwanga, ili hata mpumbavu akirudi, kitufe kijue ni abiria wa nani.

Bandarini namba ilipanda na kila mguu, na boti ilipojaa simu ikakataa kuongeza mtu. Papa Mbusa hakuifuta programu. Aïcha akamgeukia Constant.

“Umeshika kazi yangu bila kuniuliza, kisha ukanicheka nayo. Bon, sawa. Waambie na hawa.”

Constant akawaambia, macho kwenye maji. Hasira haikuisha; Aïcha alifunga mkoba kwa nguvu, akaanza kuondoka.

Mama Kavugho akamshika mkono.

“Usikuye tu siku mambo inaharibika, mwanangu,” akasema, akimtaka aje hata siku njema. “Ukuye tena kunitembelea.”