Mkono wa Kulia, Mkono wa Kushoto

...nne, tano, sita, na bado hajajibu, sekunde sita ni nyingi, nani ajuaye hilo kuliko Khue, aliyekaa miezi saba akisikiliza rekodi na kupima kimya cha darasani, mwalimu akishauliza swali la Kiingereza anasubiri muda gani kabla hajachoka na kulijibu mwenyewe, ndiyo tasnifu yake hiyo, ndiyo iliyomsimamisha mbele ya walimu wenzake kumi na wanne Jumapili hii asubuhi, na sasa kimya ni chake yeye, Daktari Thoai, mhadhiri wao, ameuliza na anasubiri, ameuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi, "Mwalimu Khue, hawa watoto walikuwa wamelipitia somo hili kabla ya siku uliyowarekodi?", na kalamu yake imesimama juu ya ukurasa wa hamsini na mbili, wenye jedwali zuri kuliko yote... sema hapana, ni neno moja tu, dada Diep pale mstari wa mbele anatikisa kichwa kidogo kidogo kama anayefukuza nzi, hapana, hapana, dada Diep ambaye ni mkuu wa walimu wa Kiingereza shuleni kwao na humu ni mwanafunzi mwenzake, wanatoka pamoja Tra Vinh alfajiri kila Jumapili kuja hapa chuoni kusomea isimu tumizi, siku sita wanafundisha, siku ya saba wanafundishwa, na Kiet, mwalimu mwenzao humu darasani, ndiye aliyeyaanza yote haya, Kiet na mdomo wake, "Khue, watoto wako wanajibu kama redio, wangu mimi hata nikiwauliza majina yao wanaanza kutazama dari", watu wakacheka, naye akacheka, Daktari peke yake hakucheka, alirudi nyuma kurasa mbili, akasoma tena, ndipo akauliza... na maziwa yamejaa, hii ni saa ya mtoto kunyonya, anabana faili kifuani lisije likaonekana doa kwenye blauzi, mtoto yuko kwa mama mkwe, mama mkwe ambaye hata leo amesema, "Miaka tisa unafundisha Kiingereza na bado unakwenda kusomea Kiingereza, kwani hicho cha kwanza kilikuwa hakijaingia?", akasema huku anampokea mtoto, akambusu mtoto, Khue akachukua faili lake akatoka...

hakudanganya, jamani, kudanganya ni kitu kingine, alitakiwa arekodi vipindi vinne vya kawaida, na alijaribu, lakini mtoto akashikwa na homa, kisha ikaja mitihani, na vile viwili alivyorekodi kwa simu havikunasa kitu ila feni na mvua juu ya bati, wakati rekodi ya siku ya maonyesho ilikuwepo, wakaguzi wa mkoa wamekaa nyuma, vinasa sauti viwili, kila mtoto anasikika mpaka anavyomeza mate, naye akasema somo ni somo, watoto ni walewale, mwalimu ni yuleyule, hakuwaza zaidi, nani anawaza, kila shule inafanya mazoezi kabla ya siku ya maonyesho, hakuna anayeuita udanganyifu, ni adabu, ni kama kufagia ua kabla wageni hawajafika, Jumatatu walifanya mazoezi, Jumatano wakafanya tena, dada Diep mwenyewe alisimama mbele ya darasa la 8A3, "Sikilizeni wanangu, swali likiulizwa mnanyoosha mikono wote, sitaki kuona dawati lililolala, anayejua jibu mkono wa kulia, asiyejua mkono wa kushoto, Mwalimu Khue atachagua wa kulia tu, tumeelewana?", tumeelewana Mwalimu, na mmoja akauliza, "Na mimi ninayeandika kwa kushoto je?", "Wewe utakaa nyuma ya nguzo", darasa zima likacheka, Khue alicheka mpaka machozi, na Ijumaa mikono ilisimama yote, wakaguzi wakatazamana na kutabasamu, shule ikapata cheti, cheti kikatundikwa ofisini kwa mkuu wa shule, na dada Diep jina lake likapelekwa mkoani awe makamu wake, bado linasubiri huko, kwa hiyo akisema ndiyo, Daktari, walilipitia mara mbili, hajisemei yeye peke yake, anamvua dada Diep nguo mbele ya watu, dada Diep aliyempigia magoti mkuu mpaka Khue akapewa ruhusa ya kusoma, na Juni je, asiyetetea tasnifu Juni anangoja mwaka mzima, na ruhusa ya mkuu inaisha Julai, sura ya nne yote inakwenda na maji, leo hii wakinywa supu ya tambi nje ya geti dada Diep alimwambia, "Wakikuuliza kuhusu watoto sema ni darasa la kawaida, mdogo wangu, nani atakwenda kuchungulia?", mbona alisema vile, ina maana aliliona jambo hili likija, aliliona kabla ya Khue... kabla ya Khue? haya, hapo sasa, hapo anajidanganya mwenyewe...

kwa sababu kuna mchana ule mtoto amelala, yeye na kompyuta sakafuni, anajisikia mwenyewe ndani ya rekodi akiuliza kwa nini familia ya kwenye picha ilihama mjini, na mtoto anajibu sentensi nzima, nzuri, yenye kila kitu, ila anaanza kujibu kabla Khue hajamaliza kuuliza, akarudisha nyuma, akasikiliza tena, ni kweli, swali lilikuwa bado liko mdomoni, akarudisha mara ya tatu, kisha akaandika kimya sekunde sifuri kwenye jedwali, akaendelea, na chini yake akaandika kwamba hii inaonyesha kujiamini kwa wanafunzi... alijua, mchana ule alijua, mkono uliandika huku unajua, na ile nambari thelathini na nane juu ya jedwali, wanafunzi thelathini na nane, 8A3 ina watoto arobaini na mmoja, watatu waliambiwa wakakae maktaba siku ile, wale wasioaminika kukumbuka mkono upi ni upi, na mmoja wao Suong, msichana wa dawati la mwisho, alimngoja mlangoni wakaguzi walipoondoka, daftari limefunguliwa, kalamu mkononi, "Mwalimu, leo mmesoma nini, ninakili?", na Khue, kwa huruma tu, asimwumize, alimwambia, "Usijali, mwanangu, leo hatukusoma kitu", Suong akafunga daftari, akasema ahsante Mwalimu... leo hatukusoma kitu, miezi saba ya kupima, kurasa themanini, na neno la kweli kuhusu kipindi kile alilisema mlangoni kwa mtoto, wala hakuliandika popote...

"Chukua muda wako", Daktari anasema bila kuinua macho, "mimi nilifundisha shule ya sekondari miaka kumi na moja kabla ya kuja hapa", anajua basi, anajua habari ya mikono, labda naye aliwapanga wake hivyohivyo, labda hata hataki kumkamata, Kiet anakohoa, hacheki tena, "Jibu, mdogo wangu", dada Diep ananong'ona, meno yamebana, na Khue anamtazama, anamwonea huruma, lakini lile neno moja aliloombwa halimjii tena mdomoni, mahali pake pameingia kitu kingine, kesho Jumatatu, kipindi cha pili, 8A3, wote arobaini na mmoja, simu juu ya meza yake mwenyewe, feni imezimwa hata wakitoka jasho, anauliza swali moja, lolote, halafu ananyamaza kweli, haoni aibu ya kunyamaza, na dada Diep atakuwa hasemi naye, leo watarudi nyumbani bila neno, na jedwali litakuwa baya, lenye mashimo, na Juni itapita, itaumiza, mama mkwe atapata la kusema mwaka mzima, yote hayo anayaona moja moja na hayamzuii, anachokiona zaidi ni dawati la mwisho, Suong amesimama, mikono yote miwili juu ya daftari, anatafuta... atasema neno nusu, au atasema kitu ambacho hakimo kitabuni, au hatasema kabisa, Khue hajui, miaka tisa amekuwa akiuliza watoto mambo ambayo majibu yake anayo tayari, na hili hajui, kalamu ya Daktari bado iko hewani, watu kumi na wanne bado wanamtazama, na yeye anataka kujua, anataka sana, kuliko anavyoitaka Juni