Makala Ndani ya Chakula cha Kuku

Kosa njo langu, tena la kinywa. Nilibeba kuku moja ya jirani yangu, Mama Euphrasie, mpaka kwenye mizani ya gare ya treni ya Kindu. Nikapima, nikapiga kelele mbele ya wabeba-mizigo: «Kilo mbili na gramu mia! Siku thelathini na nane! Na hajalamba unga wa sachet hata mara moja!» Wakapiga makofi. Nyuma yao alisimama Donatien, ajenti wa biro, ile ofisi ya serikali ya mifugo, muntu mwenye kuuza ule unga wa kunenepesha kuku, wa pakiti ndogo. Nilisoma mpaka diplome, lakini diplome haikunifundisha kuangalia nyuma.

Kesho yake asubuhi Mama Euphrasie alikuwa anachanganya chakula kwenye beseni: mahindi, soya ya kukaanga, samaki ndagala kavu, mafuta ya mawese kidogo. Halafu ile siri yake isiyo siri: makala ya jiko, yale makaa meusi, ya kusaga laini, kitunguu saumu, na majani ya mapapai aliyoyakausha kivulini. Mahindi ilikuwa imepanda bei tena, juu treni haijafika tangu wiki tatu. Alikata sukari ya chai yake, mahindi ya kuku hakuikata.

Kuku sitini zilikuwa tayari. Arobaini njo aliziagiza Mzee Soudi, mwenye malewa, kile kihoteli cha chakula karibu na bandari, kwa harusi ya kesho. Zikibaki hata siku tatu, zitakula faida yote.

Mzee Soudi alikuwa amekuja kuziangalia, anashika mapaja ya kuku, anacheka. «Mama Euphrasie, hizi zimevaa suruali!»

«Ni za kwangu, Mzee. Hazitembei uchi.»

Donatien akaingia bila hodi, na karatasi, na gundi, na mufuko wa sachet.

«Mama, kuku ya unene huu bila unga wa biro? Unazichoma sindano.»

«Sindano? Tafuta hata musumari.»

«Basi unazipa nini?»

Akamutajia yote. Donatien akacheka mpaka kofia ikaanguka. «Makala! Kuku ni pasi?»

«Ni tumbo, chef. Wakati wa vita, mji ulifungwa. Treni hapana, mashua hapana, dawa hapana. Kuku za mama yangu zikaanza kuharisha. Akatwanga makala na majani ya papai. Tano zikafa, kumi na mbili zikasimama. Mayai ya zile kuku njo yalitulisha. Kitunguu saumu nimeongeza mimi, kundi baada ya kundi, nikiangalia. Safari hii vifaranga sitini na tatu, nimezika tatu.»

«Biro haijui makaburi yako. Nunua sachet kumi, ninapiga muhuri ya ruhusa. Ama ninafunga.»

«Funga.»

Akapaka gundi, akabandika karatasi kwenye mulango wa banda: INTERDIT, maana yake marufuku kuuza. Mzee Soudi akaweka kuku chini polepole, kama muntu anayerudisha mutoto wa wenyewe.

«Mama, unisamehe. Harusi ya watu, siwezi kupeleka kuku yenye kesi.»

Mama Euphrasie hakulia. Akavuta beseni katikati ya uwanja, majirani wamejaa kwenye uzio, akachota kiganja kizima cha chakula cha kuku, akatafuna. Meno yakawa meusi. Akameza, akanywa maji, akachota tena.

«Hii njo ninazipa,» akasema. «Vita ilinilisha vibaya kuliko hii.»

Muntu mumoja akapiga vigelegele. Mimi nilisimama wima kama siku ya bendera.

Halafu akachukua sachet moja kwenye mufuko wa Donatien. Akaigeuza: jina la kiwanda hapana, tarehe imekwanguliwa na wembe. Akaipasua, akamwaga unga mweupe kwenye sahani safi, akamunyooshea kwa mikono miwili, kama mugeni wa heshima.

«Na wewe, chef, onja ya kwako. Kijiko kimoja tu.»