Ubeti wa Tatu wa Mzee Padayachee

"Yule mzee hafi mimi sipo," Protas alisema, miguu juu ya stuli, macho kwenye runinga. "Malaika akija, atanipigia simu kwanza aombe ruhusa."

Duka la simu la Anaclet, pale Point, Durban, likaangua kicheko. Ilikuwa Jumamosi mchana, Simba na Yanga wako uwanjani, na Watanzania wa mtaa mzima walikuwa wamejibanza katikati ya chaja na vioo vilivyopasuka. Protas alimaliza kidato cha nne Songea na divisheni foo, lakini mdomo wake ulipata divisheni wani. Akifungua, watu husogea.

Kazi yake ilikuwa kumwangalia mzee Padayachee kule Sydenham, mshairi wa Kitamil, mtunzi wa maneno ya nyimbo za filamu. Mzee alizaliwa Clairwood enzi zile pana bustani za mboga za Wahindi, kabla ya maghala na malori. Ujanani akapanda meli kwenda Madras, mji wanaouita Chennai siku hizi, akalala kwenye baraza za studio mpaka mwimbaji mkubwa alipoyatia maneno yake mdomoni. Miaka thelathini watu wakaoana, wakalia na kulewa kwa maneno yake bila kulijua jina lake. Mama yake alifia huku Durban, yeye yuko kule. Barua ilipomfikia, majivu yalishamwagwa baharini. Halafu ladha za watu zikageuka, watayarishaji wakaacha kumpigia, akarudi nyumbani na sanduku moja na kifua kibovu.

Mwaka huu mwanamuziki mmoja wa Chennai akamkumbuka. Akamtumia tuni kwa simu: wimbo wa mtoto anayefika mazishini kwa mama yake, moto umeshawashwa. Beti tatu.

Kwenye filamu tuni hutangulia, maneno yakafuata. Mzee hakuwahi kutunga kwenye ukimya, na ile sauti ya simu aliichukia, alisema ni mbu ndani ya kopo. Basi Protas akaikariri tuni nzima. Kila asubuhi mzee alikaa dirishani, akagonga mkono wa kiti kwa kidole, akasema, "Paadu." Maana yake imba. Protas akaimba na-na-na, mstari uleule, tena na tena, mpaka mzee ainue mkono na maneno yamtoke. Hapo Protas anarekodi.

"Thatha," alimtania, kwa neno la Kitamil la babu, "filamu ikitoka na mimi niandikwe. Na-na-na: Protas."

"Una sauti ya beberu," mzee alimjibu. "Ila ni beberu anayeshika tuni. Paadu."

Beti mbili zilikwisha. Ulibaki wa tatu, ule mtoto anapozungumza na moto, na mzee alikuwa akipungua kama sabuni. Asubuhi ya Jumamosi hiyo aliamka na macho makali. "Leo tunaumaliza," alisema. Protas akamwambia sawa, Thatha, nanunua mkate, narudi sasa hivi.

Mkate ulikuwa mapajani mwake pale Point simu ilipotetemeka. Akaiinua wote waone.

"Ni malaika?" Anaclet akauliza.

"Mama Marie-Louise, yule Mkongo wa chumba cha nyuma kule kwa mzee. Anataka nikambebee gunia la unga."

Wakacheka. Akaikata. Ikaita tena, akailaza kifudifudi, maana Yanga walikuwa wanapiga kona.

Alipofika Sydenham, Marie-Louise alikuwa ameshamfunga mzee taya kwa kipande cha kitenge na kumfumba macho. Hakumgombeza. "Umechelewa, petit," alisema, akimwita mdogo kwa Kifaransa cha kwao, akatoka.

Protas akakaa sakafuni, mkate bado kwapani. Akaanza tuni ya ubeti wa tatu, polepole, mstari wa kwanza. Akaurudia. Mkono juu ya kiti haukuinuka.

Binti wa mzee, Thilaga, mwalimu wa Joburg, alifika kesho yake. Siku ya ibada nyumba ilijaa shangazi na majirani, taa ya mafuta ikawaka mbele ya picha yenye shada la maua. Thilaga akamvuta Protas kando, wakaongea Kiingereza.

"Yule wa Chennai anauliza wimbo umekwisha au ampe mtu mwingine," alisema. "Lakini siulizi kwa ajili yake. Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, Anti."

Uongo ulimteleza kama uji. Angeweza kuishia hapo.

"Aliumaliza?"

"Aliumaliza. Simu yangu iliisha chaji, sikurekodi. Lakini aliumaliza wote, akatabasamu, akalala."

Thilaga akafunika uso. Alikuwa amelia siku nzima, lakini kilio hiki kilikuwa cha mtu aliyetuliwa mzigo. "Basi hakuondoka na kitu kimemkwama," alisema.

Shangazi wakampigapiga Protas mgongoni, wakamjazia sahani. Kila aliyeingia akataka kusikia, na Protas mbele ya watu hajui kufunga mdomo. Kufikia mgeni wa nne, mzee alikuwa ameshamshika mkono na kumbariki. Sauti yake mwenyewe ilimpendeza. Kidogo tu, alikuwa anaanza kuamini.

Marie-Louise alisimama mlangoni na trei ya chai, akisikiliza. Kiingereza chake hakikuwa kingi, ila kilimtosha. Akaiweka trei chini.

"Petit, usidanganye mtoto wa mutu mbele ya picha ya baba yake," alisema kwa Kiswahili cha kwao. "Ye alikuita. Alikuita mpaka sauti ikaisha. Anagonga kiti na kidole, anasema, paadu. Protas, paadu. Mi sikujua ni nini. Nikamuimbia wimbo ya kanisa, akatikisa kichwa. Paadu, paadu. Nikakupigia simu, ukakata."

Shangazi hawakuelewa hata neno, na Thilaga hajui Kiswahili. Protas akadakia hapo hapo, mdomo wake ukatangulia kama kawaida.

"Anasema mzee alikuwa mtu mwema sana, Anti. Anasema pole..."

Thilaga hakumtazama. Alikuwa anamtazama Marie-Louise, midomo yake ikilirudia, bila sauti, lile neno moja la Kitamil alilokuwa akilisikia utotoni nyuma ya mlango wa baba yake.

"Usinitafsirie," alisema.